Ganzi ya Mguu Isidharauliwe

Wahenga walituachia neno la kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kawaida twalitumia neno hili tunaposemezana juu ya nyumba, juu ya deni, au juu ya tabia ya mtoto. Leo twaomba ruhusa ya msomaji tulitumie juu ya jambo jingine, nalo ni ugonjwa mmoja adimu ambao huanza kwa ganzi ndogo ya mkono au mguu, au kwa maumivu ya mgongo yasiyompa mtu usingizi, na ambao ukiachwa waweza kumnyang'anya mtu miguu yake. Ugonjwa wenyewe ni uvimbe uliofanyika kwa mishipa midogo midogo ya damu, nao huota katika ugwe wa mgongo. Madaktari huuita hemanjioblastoma.

Labda msomaji atauliza: Ya nini gazeti kupoteza nafasi kwa ugonjwa ambao watu wengi hawatauona maishani mwao? Kweli ni adimu. Katika wagonjwa 100 wenye uvimbe wa ugwe wa mgongo, wenye uvimbe wa namna hii hukadiriwa kuwa kati ya wawili na sita tu. Lakini tunayo sababu ya kuuandika. Uvimbe huu si saratani, wala hauna desturi ya kutawanya mbegu zake mwilini kama saratani ifanyavyo. Ukitolewa wote, kwa kawaida hauoti tena mahali pale. Yaani ni ugonjwa unaotisha, lakini una tiba. Jambo la kusikitisha ni kwamba tiba hiyo hulinda zaidi nguvu zilizobaki kuliko kurudisha zilizokwisha kupotea. Basi mtu akichelewa, tiba humkuta, ila miguu yake imekwisha kwenda zake. Hapo ndipo ulipo uzito wa habari yetu ya leo.

Kwanza yafaa tueleze ugwe huu ni kitu gani. Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo mna mfereji, na ndani ya mfereji huo umepita ugwe laini, mweupe, usiozidi sana unene wa kidole kidogo cha mkono. Kwa mtu mzima urefu wake ni kama sentimita 45, kutoka chini ya ubongo hadi sehemu za juu za kiuno. Kila amri ya ubongo iendayo miguuni hupita humo. Na kila habari ya joto, baridi, maumivu na mguso itokayo miguuni hurudi kwa njia hiyo hiyo. Hakuna njia ya pembeni. Tena mfereji ule ni wa mfupa, hauwezi kutanuka. Kitu chochote kikiota mle, hata kikiwa kidogo kama punje ya njegere, hakina mahali pa kukaa ila kwa kuubana ugwe.

Kwa miaka mingi sana madaktari waliogopa kugusa mahali hapo. Mlango ulifunguliwa mjini London tarehe 9 Juni, 1887. Kapteni mmoja wa jeshi alikuwa ameteswa na maumivu ya mgongo kwa muda wa miaka mitatu hivi, akazunguka kwa madaktari wengi bila ya kupata jibu, hata mwisho miguu yake ikapooza. Daktari William Gowers alimpima kwa makini akatambua kwamba kuna kitu kinachobana ugwe. Wakati ule eksirei ilikuwa haijavumbuliwa. Röntgen aliivumbua mwaka 1895. Gowers alitumia mikono yake, macho yake na akili yake tu, akichunguza ni wapi mwilini ambapo mgonjwa anaanza kutosikia. Kisha Victor Horsley alimpasua. Alipofungua mahali palipodhaniwa, hakuona kitu. Badala ya kukata tamaa aliondoa mfupa mwingine juu yake, na hapo ndipo uvimbe ulipoonekana. Aliutoa, na mwaka uliofuata yule kapteni alikuwa akitembea na kufanya kazi zake.

Lakini uvimbe ule ulikuwa nje ya ugwe, ukiusukuma kutoka ubavuni. Huu tunaousema leo ni mgumu zaidi kwa sababu mbili. Ya kwanza, mara nyingi umejikita katika nyama ya ugwe wenyewe. Ya pili, umejaa damu.

Aliyetupatia ufunguo wa kuuelewa alikuwa Arvid Lindau, mtaalamu wa maradhi kutoka Lund, nchini Sweden. Mwaka 1904 daktari wa macho wa Ujerumani, Eugen von Hippel, alikuwa ameeleza juu ya wagonjwa wenye vivimbe vya mishipa ya damu nyuma ya jicho. Mwaka 1926 Lindau alionyesha kwamba vivimbe vile vya jichoni, na vivimbe vya namna hiyo hiyo vionekanavyo katika ubongo wa nyuma na katika ugwe wa mgongo, pamoja na malengelenge ya figo na kongosho, si magonjwa mbalimbali yaliyokutana kwa bahati mbaya. Ni ugonjwa mmoja, nao hurithiwa katika ukoo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1928, mpasuaji mashuhuri wa Marekani Harvey Cushing, pamoja na Percival Bailey, walitoa kitabu juu ya vimbe zitokanazo na mishipa ya damu ya ubongo, na humo wakaupa uvimbe huu jina lake la hemanjioblastoma. Ugonjwa wa ukoo hata leo huitwa kwa majina ya wale wawili wa kwanza: von Hippel-Lindau.

Si kila mwenye uvimbe huu ameurithi. Wengi hupata uvimbe mmoja tu, bila ya mtu mwingine yeyote katika jamaa kuugua. Lakini kama theluthi moja ya wenye uvimbe huu katika ugwe wa mgongo wana ule ugonjwa wa ukoo, na hao huweza kuwa na vimbe nyingi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo daktari anayeuona uvimbe mmoja hana haki ya kuridhika. Yampasa kuuliza habari za baba, mama na ndugu. Apeleke mgonjwa achunguzwe macho, figo na kongosho. Tena asisahau tezi zilizo juu ya figo. Hili la mwisho si jambo dogo. Katika ugonjwa huu tezi hizo huweza kuota uvimbe unaomwaga dawa kali za mwili katika damu. Mgonjwa akitiwa usingizi wa upasuaji bila uvimbe huo kujulikana, msukumo wa damu waweza kupanda ghafula ukamwua pale pale mezani. Mtu aliyekuja kutibiwa mgongo aweza kufa kwa sababu ya tezi ambayo hakuna aliyeitazama.

Je, ugonjwa hujitambulisha vipi? Kwa hila na polepole. Mara nyingi uvimbe huota upande wa nyuma wa ugwe, mahali zipitapo njia za kupeleka habari za mguso na za mkao wa viungo. Ndiyo maana dalili za kwanza aghalabu si udhaifu, bali ni maumivu, ganzi, au hali ya mtu kutojua mguu wake uko wapi asipoutazama. Mtu hujikuta akiyumba gizani, hali mchana hutembea vizuri. Huangusha kikombe. Hudhani amelala vibaya, au amebeba mzigo mzito. Baadaye miguu hukaza na kuwa dhaifu, na mwisho haja ndogo na kubwa humponyoka. Mambo hayo huweza kuchukua miezi na hata miaka, na kwa kuwa huja kidogo kidogo, mwenyewe huyazoea.

Kuna ajabu nyingine. Uvimbe wenyewe huweza kuwa mdogo sana, lakini mishipa yake huvuja majimaji, na majimaji hayo huchimba pango refu ndani ya ugwe, juu na chini ya uvimbe. Basi mgonjwa huweza kupata dalili mbali na mahali ulipo uvimbe. Zamani wapasuaji walioliona pango walidhani ndilo ugonjwa, wakalitoboa na kulikausha, kisha likajaa tena. Siku hizi inajulikana kwamba pango ni moshi tu, moto uko kwenye ile punje ndogo. Punje ikitolewa, pango hunywea lenyewe kwa muda.

Vyombo vya kuutafuta vimebadilika sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Wafaransa Sicard na Forestier walianza kutia mafuta maalumu katika mfereji wa uti wa mgongo ili eksirei ionyeshe mahali palipozibwa. Katika miaka ya 1960 wataalamu kama Djindjian wa Paris na Di Chiro wa Marekani walifaulu kupiga picha za mishipa ya damu ya ugwe wenyewe, kwa kutia dawa ndani ya mishipa hiyo. Na mpasuaji akaanza kujua kabla ya kupasua ni mishipa ipi inayolisha uvimbe. Kisha, katika miaka ya 1980, ikaja mashine ya MRI, ipigayo picha kwa nguvu za sumaku. Mgonjwa akidungwa dawa yenye madini ya gadoliniamu, uvimbe hung'aa katika picha kama kaa la moto, na mishipa minene iliyouzunguka huonekana kama nyuzi nyeusi zilizosokotana. Mtaalamu akiona kaa hilo, na nyuzi hizo, na pango refu kando yake, huwa amekwisha kuukisia ugonjwa kabla ya kisu kugusa ngozi.

Sasa na tuingie katika chumba cha upasuaji, maana humo mna fundisho linalostahili kukumbukwa hata na sisi tusio madaktari. Katika vimbe nyingine, mpasuaji huweza kukata kipande kidogo akakipeleka kupimwa, au akaupunguza uvimbe kwa ndani hadi ukanywea. Katika huu, kufanya hivyo ni kutafuta balaa. Ukiutia kisu, damu hububujika, macho ya mpasuaji hayaoni tena, na katika haraka ya kuizuia damu ugwe huumizwa.

Kanuni zake ni tatu. Ya kwanza, uvimbe usiingiwe, bali uzungukwe. Mpasuaji afuate mpaka wake mwembamba ulio kati ya nyama nyekundu na nyama nyeupe ya ugwe. Ya pili, mishipa iletayo damu ifungwe kwanza, mmoja baada ya mwingine. Ya tatu, mshipa mkubwa utoao damu uachwe hadi mwisho kabisa. Mkulima wa mpunga ataelewa upesi. Hakuna mtu mwenye akili azibaye mlango wa kutolea maji shambani hali mlango wa kuingizia uko wazi, maana tuta litapasuka. Na uvimbe huu, ukifungiwa njia ya kutokea damu mapema, huvimba na kupasuka. Lakini mishipa ya kuingiza ikifungwa kwa utaratibu, uvimbe hulegea, rangi yake hufifia, na mwisho hutoka mzima.

Kanuni hizi zahitaji jicho na chombo. Mwaka 1940 James Greenwood wa Marekani alieleza juu ya koleo lenye ncha mbili, lipitishalo umeme baina ya ncha zake tu, ili mshipa uungue bila joto kuenea katika ugwe. Baadaye Gazi Yasargil, mzaliwa wa Uturuki aliyefanya kazi Zürich nchini Uswisi, aliileta hadubini katika upasuaji wa ubongo na mgongo tangu mwaka 1967, na mwaka 1976 akatoa taarifa ya wagonjwa 12 waliotolewa uvimbe huu ndani ya ugwe kwa njia ya hadubini. Siku hizi nyaya ndogo huwekwa kichwani, mikononi na miguuni mwa mgonjwa aliyelala, na mashine hupima kama habari zingali zikipita katika ugwe. Mashine ikitoa onyo, mpasuaji husimama, husafisha kwa maji ya vuguvugu, na hungoja.

Hatutaki msomaji adhani kwamba kila kitu huenda kama arusi. Baada ya upasuaji wengi huamka na ganzi zaidi kuliko walivyolala, kwa kuwa mpasuaji amepita katika njia za mguso. Kwa kawaida hali hiyo hupungua katika majuma au miezi inayofuata, ingawa si kwa kila mtu wala si yote. Lakini jambo moja limethibitika katika taarifa za hospitali nyingi: kipimo kikubwa cha hali ya mgonjwa baada ya upasuaji ni hali aliyokuwa nayo kabla yake. Aliyeingia akitembea, aghalabu hutoka akitembea. Aliyeletwa kwa machela baada ya kupooza siku nyingi, uvimbe waweza kutolewa wote bila dosari, na bado asisimame.

Hapa lakini pana haja ya kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuwahi kuujua ugonjwa si sawa na kukimbilia kisu. Kwa mwenye uvimbe mmoja unaomletea dalili, wataalamu hushauri upasuaji bila kukawia. Lakini mwenye ugonjwa wa ukoo aweza kuwa na vimbe kadhaa mgongoni ambazo hazimsumbui. Vimbe hizi hukua kwa vipindi, kisha hupumzika, pengine kwa miaka. Kumpasua kwa kila moja ni kumharibu mtu kwa jina la kumponya. Huyo hupigwa picha kila baada ya muda, na hupasuliwa pale uvimbe unapoanza kuleta dalili au kukua kwa namna inayotishia. Yaani mlinzi mwenye busara hapigi risasi kila kivuli, lakini pia halali.

Kwa nini mishipa hii huota bila amri? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1993, wataalamu walipoigundua jeni ya ugonjwa huu katika kromosomu ya tatu. Kazi ya jeni hiyo, ikiwa nzima, ni kuusaidia mwili kuteketeza protini fulani ambayo hutoa kilio cha uhaba wa hewa ya oksijeni. Jeni ikiharibika, kilio hakizimwi. Chembe za mwili hudhani zinakosa hewa hali hewa ipo tele, nazo huita mishipa mipya ya damu usiku na mchana. Utafiti juu ya namna mwili unavyotambua oksijeni uliwapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Na Kaelin aliifikia kazi hiyo kwa kuchunguza ugonjwa huu adimu. Mwezi wa Agosti, 2021, serikali ya Marekani iliidhinisha dawa ya kumeza iitwayo belzutifani, inayoizuia ile protini yenyewe, kwa baadhi ya vimbe za wagonjwa wa von Hippel-Lindau zisizohitaji upasuaji wa mara moja. Si dawa ya mchezo. Huleta upungufu wa damu na humdhuru mtoto aliye tumboni. Hata hivyo, wagonjwa hao wana njia nyingine mbali na kisu.

Ugonjwa huu wa ukoo hukadiriwa kumpata mtoto mmoja katika kila 36,000 wanaozaliwa. Mzazi mwenye jeni hiyo aweza kumrithisha kila mtoto kwa kadiri ya nusu kwa nusu, awe wa kiume au wa kike. Kipimo cha damu huweza kuonyesha ni nani aliyerithi na ni nani aliyesalimika. Aliyerithi huchunguzwa macho tangu utotoni, na picha za MRI huanza karibu na umri wa kubalehe. Aliyesalimika huachwa aende zake kwa amani. Basi mgonjwa anayewaficha ndugu zake jina la ugonjwa wake kwa haya, huwanyima silaha.

Na sisi wa Afrika ya Mashariki twajifunza nini? Katika nchi zetu mtu anayepata maumivu ya mgongo na udhaifu wa miguu aweza kuwa na ugonjwa ulio wa kawaida zaidi kuliko huu: kifua kikuu cha mifupa ya uti wa mgongo, au kichocho kilichoingia katika ugwe, au saratani iliyosafiri kutoka mahali pengine. Daktari hana budi kuyafikiri hayo kwanza. Lakini tazama, msomaji, jinsi magonjwa yote hayo yanavyotoa onyo moja, na jinsi yote yanavyodai jambo moja, yaani mtu apimwe kabla miguu haijakwisha nguvu. Kwa hiyo anayekwenda hospitali kwa sababu ya ganzi hapotezi safari yake, hata ikiwa uvimbe huu adimu haumo mwilini mwake.

Ni kweli mashine za MRI si nyingi kwetu, na zilizopo ziko zaidi katika miji mikubwa, na gharama yake ni nzito kwa mkulima. Wapasuaji wa ubongo na mgongo, kama wale wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili mjini Dar es Salaam, ni wachache wakilinganishwa na wingi wa watu. Hilo ni deni ambalo serikali zetu hazina budi kuendelea kulilipa. Lakini kumbuka kwamba Gowers hakuwa na mashine yoyote. Tabibu wa zahanati aliye makini, mwenye pini na kijinyundo cha kupimia goti, aweza kugundua kwamba mguu umekaza na kwamba ganzi imeanzia mahali fulani mwilini. Na hayo mawili yatosha kumpa mgonjwa barua ya kwenda hospitali kubwa leo, si baada ya msimu wa mavuno.

Tunamalizia kwa kusema na kila nyumba. Maumivu ya mgongo peke yake ni jambo la kawaida, na mengi huisha yenyewe; hatutaki kumtia mtu hofu. Lakini maumivu yanayozidi usiku hata mtu amelala, ganzi inayopanda, kuyumba gizani, miguu kukaza, au haja kumponyoka mtu, hayo si ya kukandwa kwa mafuta wala ya kutafutiwa jirani wa kulaumiwa kwa uchawi. Ni ufa. Mwenye kuuona na auonyeshe kwa daktari ungali ufa, maana ukuta wa mgongo ukianguka, hakuna fundi awezaye kuujenga upya.